Nyigu wa Kwenye Vitasa

"Hayupo huku, mama, nakwambia hayu..."

"Yupo! Namkuta kila..."

"Unayemkuta ni nyigu wa udongo wa kawaida, yule anaye..."

"Wa kawaida kwenu! Niache nimalize, baba, hata redio huwa inapumua!"

Mama Vitasa alipiga bisibisi mezani, koleo likaruka. Miaka ishirini na miwili amefungua vitasa vya mji mzima, na hakuna aliyewahi kumbishia ndani ya karakana yake, sembuse mtu aliyekalia kiti chenye grisi kwa suruali nyeupe. Mtu huyo alikuwa Mkuu wa chumba cha wadudu pale makumbusho. Siku hiyo alikuwa anakamilisha ramani mpya ya nyigu mwinda buibui: anaishi wapi, haishi wapi. Ramani ya zamani iliishia mtoni. Binti wa Mama Vitasa, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya wadudu, aliandika kwamba nyigu huyo yuko pia ng'ambo hii ya mto, katika mitaa kumi na saba. Mkuu alikuja kuifuta kazi yote ya binti.

"Ushahidi wake ni daftari la fundi vitasa," alisema, akimtazama binti aliyekaa juu ya ndoo akitafuna kucha. "Nitawaambia nini wenzangu?"

"Waambie fundi anajua kuandika," alijibu Mama Vitasa.

Na kweli alijua. Kila kitasa kilichogoma, aliandika mtaa, tarehe na kilichokiziba. Vingine kutu, vingine vijiti vya kiberiti vya watoto watundu. Lakini ukurasa baada ya ukurasa ulisema: udongo, vyumba vitatu, buibui mmoja kila chumba, hana miguu.

"Nyigu wa udongo," Mkuu alisema polepole, kama anayemlisha mtoto uji, "anashindilia buibui wadogo kumi na zaidi kwenye chumba kimoja. Mwinda buibui huweka mmoja tu. Haya, fungua kitasa hicho ulichokibana mezani kwenye jiliwa. Wakiwa wengi, nafuta."

"Na akiwa mmoja?"

"Nachora."

Binti aliziacha kucha. "Mama, usitikise, vyumba vyake vitavunjika."

"Wewe nilikuzaa bila kukuvunja, mwanangu. Sogea, unaniziba mwanga."

Alilegeza skrubu nne, akainua kifuniko taratibu. Ndani, pembeni ya springi, vililala vipipa vitatu vya udongo, laini kama vimepigwa msasa. Alichokonoa cha kwanza. Buibui mmoja mnene, wa wale wanaokimbia ukutani bila kufuma utando, miguu yote imekatwa shinani, yai jeupe limebandikwa tumboni. Cha pili, vilevile.

"Anawakata miguu wapite kwenye tundu la ufunguo," Mama Vitasa alieleza. "Wewe ungepitishaje kabati mlangoni bila kung'oa miguu yake?"

Mkuu alikuwa ametoa lenzi, anapumua kama aliyepanda ngazi.

Cha tatu, cha zamani kuliko vile viwili, kilijipasua chenyewe. Akachungulia nyigu jike mweusi, mabawa ya rangi ya moshi, akaja kutembea juu ya dole gumba la Mama Vitasa, akiyatikisatikisa mabawa kama mwenye haraka zake.

"Usimguse! Huyo akichoma..."

"Alishanichoma mwaka juzi. Nilimtukana mpaka bibi yake."

Binti alimfunika kwa glasi, akazitaja alama zake moja moja bila kusita. "Vipapasio vimejikunja ncha. Miguu ya nyuma mirefu. Na hapa mwisho wa tumbo, pamekuwa bapa, ndio mwiko wake wa kulainishia udongo. Ndiye, Mkuu."

Mama Vitasa alisikia kifua kinajaa mpaka vifungo vya ovaroli vikalalamika. Huyo ni wangu, alitaka kuutangazia mtaa mzima, na hakumaanisha nyigu.

Mkuu akatoa penseli, akafungua ramani juu ya meza, akauvusha mstari mto.

"Lakini nimechora kwa penseli," alisema. "Ili niweke wino, lazima alinganishwe na sampuli ya kwanza kabisa, ile iliyopewa jina. Iko kwetu, kabatini."

"Si mkailinganishe," alisema binti. "Si unaiona kila siku?"

Mkuu alikunja lenzi yake. Akatazama mlangoni, kisha akashusha sauti kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu.

"Mama, ufunguo wa lile kabati ulipotea, huu mwaka wa tisa. Tafadhali chukua vyuma vyako twende ukanifungulie. Ila tupitie mlango wa nyuma."