Shimo la Marehemu Doyle

Lavada Crisp alimzika kaka yake Jumanne, na kabla maua ya kaburini hayajanyauka, Rayburn Sutton alikwisha kuliiba shimo la marehemu.

Shimo lenyewe ni lindi la maji ya kijani, juu kabisa kwenye kijito cha Bearpen, mahali ambapo mlima husimama wima kama ukuta na maji hushuka ngazi kwa ngazi juu ya mawe. Majira ya baridi, samaki wanene waitwao trauti hulala humo. Doyle aliligundua akiwa kijana, na maisha yake yote alimwonyesha mtu mmoja tu, Rayburn, maana enzi hizo walikuwa chanda na pete. Sheria ya bonde lile haijaandikwa popote, lakini hata walevi huiheshimu: shimo uliloonyeshwa hulionyeshi kwa mtu, na aliyekuonyesha akifa, unakwenda kuwaomba ndugu zake, kofia ikiwa mkononi.

Rayburn hakuvua kofia. Alianza kuwapandisha huko wageni wa mjini, kwa malipo, kisha akaweka mtandaoni picha yake akiwa amekumbatia samaki kama mtoto wa ubatizo, na chini yake maneno: Karibuni Shimo la Rayburn.

Lavada aliisoma, akazima simu, akatoka kwenda kupasua kuni. Alipasua mpaka jirani akachungulia uani na kumuuliza kama anatarajia vita. Alimjibu kuwa ndiyo.

Mungu husikia maombi ya wajane na mayatima, na pengine hata ya mafundi viatu. Lavada ndiye aliyetengeneza mabuti ya wavuvi wa bonde zima. Kiangazi watu huvaa soli za sufu nene, ambazo hung'ang'ania mawe yenye utelezi. Baridi ikiingia humpelekea aondoe sufu, abandike mpira, na kukaza skrubu fupi kumi na nane kila mguu za kuuma barafu. Sufu kwenye theluji ni balaa: hunywa maji, huganda, na kila hatua huokota theluji nyingine, mpaka mtu anatembea juu ya madonge. Hilo hata watoto wa bonde wanalijua.

Wiki ya kwanza ya Januari, Rayburn alibwaga mabuti yake mezani kwa Lavada. "Nitengenezee ya baridi, dada. Na ufanye haraka, Jumamosi nina wateja." Kuhusu Doyle, hata pole hakutoa.

Lavada alimwahidi kuwa angeyashughulikia kwa moyo wake wote, na kweli hakusema uongo. Alibandika sufu mpya, nene kuliko zote alizokuwa nazo, akaipaka rangi nyeusi ya mpira. Skrubu alizikata shingo, akavipanga vichwa vitupu kwa gundi, kumi na vinane kila mguu, vinang'aa kama meno ya bwana harusi. Rayburn alipokuja kuyachukua, aligeuza moja, akaona ving'aavyo, akaridhika.

Alichokitaka Lavada kilikuwa kidogo. Rayburn aanguke kwa makalio mbele ya wateja wake, ikiwezekana zaidi ya mara moja, na mtu mmoja awe na kamera, ili asiwepo tena wa kumlipa ampeleke kwenye shimo la Doyle. Hilo tu aliliomba, tena kwa adabu.

Jumamosi alitangulia kupanda. Alijibanza nyuma ya kichaka juu ya shimo, na chupa ya kahawa, mkate wenye nyama ya nguruwe, na kamba begani, kwa kuwa Bearpen haipandwi majira ya baridi bila kamba. Kabla kahawa haijapoa, akawaona: Rayburn mbele, nyuma yake daktari wa meno kutoka Charlotte na shemeji yake.

Jambo la kwanza alilogundua ni kwamba Rayburn alikuwa amerefuka. Theluji ilikuwa imejijenga chini ya miguu yake, naye anakuja akiyumba kama mwali aliyeazima viatu virefu. Akaanguka. Akacheka, akasema mlima unamsalimia. Hatua kumi mbele, mlima ukamsalimia tena.

"Bwana kiongozi," daktari aliuliza, "nasi tuanguke, au hii ni mbinu ya wazoefu?"

Shemeji alikwisha kutoa simu na anarekodi. Lavada aliuma glavu asicheke kwa sauti. Kisasi kilikuwa kimekamilika, na mtu mwenye akili angegeuka arudi nyumbani.

Rayburn hakugeuka. Ili kuirudisha heshima yake, aliteremka mpaka ukingoni, akapanda juu ya bamba la barafu lililotandaza ulimi wake juu ya shimo, apate kuwaonyesha mahali pa kutupia ndoano. Usiku maji yalikuwa yamepungua, na chini ya bamba lile palikuwa na hewa tupu. Tena alikuwa amefungua mkanda unaobana suruali ya mpira kifuani ili maji yasiingie, kwa kuwa ulimbana tumbo. Mguu ukateleza, bamba likapasuka, Rayburn akazama mpaka kofia.

Aliibuka akipapatika, suruali imejaa maji, mzito kama gunia la saruji. Mkondo ukamburuta mpaka mwisho wa shimo, mahali maji yanapoingia chini ya barafu kabla ya kuporomoka. Pale akalikumbatia jiwe. Daktari alisimama mikono kichwani. Shemeji alikuwa bado anarekodi.

Lavada alisimama. Hakukimbia, na hilo lazima lisemwe. Alijua kuwa katika maji yale vidole vina dakika chache tu, na sauti ndani yake ikamwambia, tulivu kabisa: mwache.

Ndipo alipoyakumbuka majina. Chini ya pale kuna Shimo la Hobart, na Hobart alizama mwaka wa mafuriko makubwa. Chini yake kuna Shimo la Wana wa Messer, wawili siku moja. Katika milima ile, anayefia kwenye maji hupewa maji hayo, na hakuna ndugu wala hakimu awezaye kumnyang'anya. Jiwe lile likimponyoka Rayburn, shimo la Doyle lingekuwa lake mpaka Kiyama, tena kwenye ramani.

"Thubutu," Lavada alisema, akakimbia.

Alizungusha kamba kwenye mti, akamrushia kitanzi, akamwamuru akipitishe chini ya makwapa. Rayburn alitii kwa shida. Lavada akaikaza kamba. Kisha hakuvuta.

"Rayburn, hili shimo la nani?"

"Lavada, nakufa mwenzio."

"Sikukuuliza hali."

Daktari alianza kusema kuwa huu si wakati wake. Lavada alimtazama mara moja, naye akaona kuwa ndio wenyewe.

"La Doyle," Rayburn alisema.

"Hawa mabwana hawajasikia. Maji yana kelele."

"La Doyle Crisp. Nililiiba kwa maiti. Nivute, dada."

Wakamvuta watatu. Lavada aliichana suruali kwa kisu, wakamvua kila kitu palepale kwenye theluji, wakamfunga ndani ya koti la bei mbaya la daktari. Alipomng'oa buti, Rayburn aliiona soli, imechubuka, sufu nyeupe inachungulia.

"Sufu," alisema, meno yakigongana.

"Sufu," Lavada alikubali, akayatupa mabuti yote mawili kijitoni. "Ukitaka kunishitaki, kawatangazie wenzako kuwa umeongoza watu miaka yote na hujui unakanyagia nini."

Wakamshusha mlima wakimbeba kwa zamu, mmoja huku, mmoja kule, mpaka kwenye gari la Lavada, naye akawasha joto mpaka mwisho.

Njiani rangi ilianza kurudi kwenye midomo ya Rayburn. Akasema ahsante, kwa sauti ndogo.

"Usinishukuru. Nilitaka kukuacha."

"Mbona hukuniacha?"

"Ungelipata shimo."

Rayburn aligeukia dirishani. Lavada alinyoosha mkono polepole, akayageuza matundu yote ya joto yamwelekee yeye, asije akaona.