Maji ya Kumwoshea Hana

Raheli alitoka Kibakwe na kibuyu cha maji kichwani, akaelekea Dodoma, ambako maji ni machungu, hata mbuzi huyanywa kwa kujilazimisha. Waliokutana naye njiani walimwomba funda moja tu, naye akawanyima wote, hata mzee mmoja aliyekuwa amepasuka midomo kwa kiu. Kumnyima mtu maji Ugogoni ni aibu kubwa, na Raheli aliijua aibu hiyo vizuri. Lakini yale hayakuwa maji ya kunywa. Yalikuwa ya kumwoshea mwanawe.

Hana alikuwa amekufa kwa ndui. Wagonjwa walitengwa kibandani ng'ambo ya korongo, wakatunzwa na wale waliokwisha kuugua wakapona, na hao hao ndio waliowazika. Raheli hakuruhusiwa kuvuka. Alisimama upande wake wa korongo akitazama majembe yakipanda na kushuka. Hakumwosha mtoto wake, wala hakumfumba macho, na hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Ndipo akakumbuka picha.

Kabla ya ndui alifika Kibakwe Mdachi mmoja, katumwa na wakubwa wake kupiga picha za watu wa nchi. Wenyeji walimwita Bwana Kitambaa, maana kila mara aliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi nyuma ya sanduku lake la miguu mitatu, makalio yakabaki nje kama ya kuku anayekimbia mvua. Hakuuliza jina la mtu. Alimkuta Hana kavaa gauni la misheni, akataka abadilishwe, avae ngozi na shanga za bibi yake. Raheli alikuwa amebatizwa, na jambo lile halikumpendeza hata kidogo. Lakini katika watoto wote alikuwa amechaguliwa wa kwake, na kichwa kikamvimba. Akamvisha shanga kwa mikono yake mwenyewe. Hana akaambiwa asitikisike, akatulia tuli mpaka watu wakacheka.

Raheli akataka kuiona hiyo picha. Mdachi akaeleza kwa kirefu. Mkalimani wake, Bashiri, Mrangi wa Kondoa, akaeleza kwa kifupi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanangoja zamu.

"Bado, mama. Sura imelala ndani ya kioo. Kikioshwa kwa maji, ndipo hutokea. Ila maji ya kambini kwetu Dodoma yana magadi, yanaharibu, kwa hiyo Bwana atavipeleka vioo pwani. Angekuwa na maji matamu kama haya yenu, angeviosha kule kule."

Mdachi alikuwa amesema na mengine, ya giza na ya dawa. Hayo Bashiri aliyaruka.

Baada ya siku kadhaa Raheli aliifikia kambi, adhuhuri. Mahema yalikuwa yamepangwa kando ya reli mpya, na Bashiri alikuwa akikung'uta vumbi mbele ya moja. Akamtambua mara moja.

"Mbukwa, mama Hana. Mtoto hajambo?"

"Hana hayupo tena, mwanangu. Nimekuja kumwona."

Bashiri akampa pole. Bwana alikuwa amekwenda kupiga picha za daraja, hatarudi mpaka jioni. Akamwingiza Raheli hemani, akamwonyesha kifurushi cha karatasi nyeusi. "Huyu hapa, vioo havijaenda pwani bado. Bwana kamfunga peke yake, alimpenda kuliko wote. Pumzika, mama, nikutafutie uji."

Raheli akabaki na kile kifurushi. Alikuwa amesema moyoni atamngoja Mdachi, lakini sasa mtoto alikuwa mikononi mwake. Watu baki walikuwa wamemzika. Na kumwosha nako kufanywe na mtu baki? Akatoka naye nje, akaketi juani apate kumwona vizuri, akafungua karatasi.

Upande mmoja kioo kilikuwa cheupe kama maziwa. Raheli akamimina maji kidogo kidogo, akapitisha kiganja polepole, akianzia juu, mahali alipodhani pana kichwa. Akaosha uso. Akaosha shingo na mabega. Alikuwa analia na kumwambia Hana mambo ya nyumbani, kwamba shanga bibi amezihifadhi, na gauni lake halijapewa mtu. Sura haikutokea. Akaongeza maji.

Bashiri aliporudi na bakuli la uji alisimama ghafla.

"Mama, umekifungua juani?"

"Sasa gizani ningemwonaje?"

Bashiri akaweka bakuli chini. Akamweleza yote aliyoyaruka siku ile: kwamba kioo hufunguliwa gizani tu, hutangulia dawa, maji huja mwisho. Alieleza macho yake yakiwa chini.

"Basi yuko wapi?"

"Jua limemchukua, mama. Hamna kitu tena humo."

Raheli alikifuta kile kioo kwa kaniki yake mpaka kikakauka.

Mdachi aliporudi alimfokea Bashiri, mpaka alipoambiwa habari ya msiba. Akaonja maji ya kibuyuni kwa ncha ya kidole. Akatafuta kioo kingine cha siku ile ile ya Kibakwe, akaomba yale maji kwa ishara, na Raheli akampa, kwani hayakuwa na kazi tena. Mdachi akajifungia hemani. Alipotoka, Bashiri alikiweka kioo juu ya kile kitambaa cheusi, akakiinamisha mpaka watu wakaonekana.

Walikuwa wanawake wa Kibakwe, wamesimama mstari. Wa mwisho alikuwa Raheli mwenyewe. Akakumbuka. Mdachi alikuwa amesema anataka watu wazima tu, naye Raheli akamwambia mtoto, "Sogea huko, Hana, unaharibu."

Hana alikuwa amesogea, ila kaniki ya mama yake hakuiachia. Pembeni kabisa ulionekana mkono mdogo umeikamata, umekatika kwenye kiwiko pale picha ilipoishia. Wanawake wote walikuwa wametulia wakaonekana wazi. Mkono ule tu ndio ulikuwa na ukungu, kwa sababu ulikuwa unavuta.

Raheli akakitikisa kibuyu.

"Mwambie Bwana maji bado yapo," alisema. "Muulize, akiosha zaidi, hautatokea mpaka begani?"

Safari hii Bashiri alitafsiri yote, asiruke hata neno. Mdachi akajibu kwa neno moja, na hilo halikuwa na cha kufupishwa.