Kamera Kubwa ya Shemeji

Kiwandani walimwita Bi Lenzi, na mwenyewe hakuchukia. Miaka ishirini na mitatu alisimamia chumba cha lenzi katika kiwanda kidogo cha kamera cha shemeji yake, mume wa dada yake. Kamera zao zilikuwa nyepesi, za kutia mfuko wa koti, na kihisi, kile kipande kinachonasa mwanga, kilikuwa kidogo vilevile. Wapanda milima walizipenda. Wapiga picha za ndege ndio usiseme.

Kisha washindani wote wakatoa fulfremu, kamera zenye kihisi kikubwa zaidi ya mara mbili ya chao. Mauzo yakashuka. Shemeji akaitisha mkutano.

"Bila fulfremu tumekwisha," alisema. "Dukani hawatugusi hata kwa bahati mbaya."

"Kihisi kikubwa kinataka lenzi kubwa," Bi Lenzi akajibu. "Tuunde upya lenzi zote kumi na nne, wakati wenzetu wanazo tayari? Tutafika sokoni tunahema. Shemeji, watu wanatufuata kwa udogo wetu."

"Hayo ni yako. Nimemwita mteja atuambie ukweli."

Mlango ukafunguliwa, akaingia binti yake Bi Lenzi.

Mama alidhani amefuata ufunguo wa nyumba. Kumbe ndiye mteja. Binti alikuwa mpiga picha za harusi, na kamera yake ya kwanza alipewa na mama, lenzi imesuguliwa na mama mwenyewe. Sasa aliweka mezani fulfremu ya kampuni nyingine, nzito kama tofali.

"Natumia hii mwaka wa pili, baba mkubwa," alisema. "Ukumbini taa zikififia, ya kwetu inatoa picha zenye chembechembe. Halafu wateja hutazama kamera kwanza. Nikitoa ile ndogo wananiuliza kama kamera yenyewe nimeiacha garini."

Watu wakacheka. Bi Lenzi hakucheka. Kila Jumapili binti alikuja kwake na ile ndogo shingoni.

"Mwaka wa pili?" akauliza.

"Ningekwambia, mama."

"Lini?"

Binti akaanza kufuta kioo kisicho na vumbi.

Shauri la fulfremu likapita siku hiyohiyo. Chumba cha lenzi ndogo kikafungwa, na mafundi kumi na mmoja aliowafunza yeye wakarudishwa makwao. Yeye alibakizwa aunde lenzi kubwa. Akaziunda miaka mitatu, tena vizuri, kwa kuwa kazi mbovu hakuijua hata akiwa na hasira.

Fulfremu yao ilipotoka, magazeti yaliisifu. Wanunuzi hawakuonekana. Aliyetaka kamera ya namna hiyo alikuwa nayo zamani.

Bi Lenzi akampelekea binti yake moja. Binti akaigeuzageuza, akapiga picha ya dirisha, akaikuza, akaitazama muda mrefu.

"Nzuri, mama. Nzuri kweli."

"Basi chukua."

"Nina lenzi sita za ile nyingine. Siwezi kuanza upya."

"Mimi nilianza upya kwa maneno yako."

"Niliulizwa naonaje, nikasema. Hakuna aliyeniuliza kama nitanunua."

Mama akairudisha kamera kwenye boksi lake, akaaga.

Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa. Siku moja mchana shemeji akaja, akaketi sebuleni kwa Bi Lenzi bila kuegemea kiti.

"Niambie ukweli," alisema. "Tungebaki na zile ndogo, tungepona?"

Swali hilo alikuwa amelisubiri, na jibu lake alilifanyia mazoezi jikoni, bafuni, kwenye foleni. Lakini alipofungua mdomo akawakumbuka wapanda milima: siku hizi hata wao walipiga picha kwa simu.

"Sijui," akasema.

Shemeji akashusha pumzi ndefu, akaegemea kiti, akaomba chai, kama mtu aliyesamehewa. Hilo lilimuuma Bi Lenzi kuliko yote. Hata hivyo aliinuka, akaenda kuteleka maji.