Kikombe cha Kwanza cha Mzee Ambindwile

Tulinagwe alirudi kambini mlimani kutoka kijitoni na ndoo ya maji, akamkuta baba yake anakoroga sufuria kwa uso wa mtu aliyetenda jema. Mzee Ambindwile alikuwa amemhurumia binti yake. Aliona kahawa iliyosagwa juu ya mizigo, akaona maziwa, akaona tangawizi, naye akafanya kama wafanyavyo Wanyakyusa wote wenye akili zao timamu wakitaka kinywaji cha moto: akavitia vyote kwa pamoja na kuviacha vichemke mpaka vikafurika na kuzima nusu ya moto.

"Nimekusaidia, mwanangu," akasema.

Tulinagwe aliweka ndoo chini, na machozi yakamlengalenga. Kahawa ile ndiyo aliyoitegemea imtetee. Asubuhi ileile, kule kwao Matwebe, kibarua aliyeitwa Ezron alikuwa ameambiwa aanze kung'oa mibuni ya shamba zima ili ipandwe miparachichi. Mibuni hiyo aliipanda mama yake Tulinagwe, akaipalilia mpaka siku nguvu zilipomwishia, na sasa alikuwa amelala kaburini kando ya shamba hilohilo. Mzee alisema imezeeka, na kwamba yeye hata hajui watu wanapendea nini kahawa. Hapo alisema kweli tupu. Tangu aanze kuvuna, kila gunia lilikwenda chama cha ushirika, na nyumbani ikanywewa chai. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliyewahi kuonja kahawa yao.

Tulinagwe aliijulia kahawa mjini Tukuyu, kwenye kazi yake ya kuwapikia watu wanaopanda Mlima Rungwe. Wazee wa kanisa walipopanga kwenda kusali mlimani, alijitolea kuwapikia, akijua baba yake atakuwemo. Alijiambia: kule juu, kwenye baridi ile, atakunywa tu, na akishakunywa atampigia Ezron simu. Kulipopambazuka wazee wengine walitangulia kileleni, wakamwachia Ambindwile kazi ya kulinda kambi. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe, mpaka mzee alipoamua kusaidia.

Mzee alijimiminia, akapuliza, akanywa. Uso wote ukakunjamana.

"Mama wee! Hii si dawa ya minyoo?" Akatema kwenye majani. "Basi sikukosea. Acha Ezron ang'oe."

Kilichobaki kilikuwa buni mbichi. Nyumbani Tulinagwe alikuwa amekaanga na kusaga nusu tu, kwa sababu harufu ilivuka ua na majirani wakaanza kuuliza kunapikwa nini. Akaogopa siri yake itafika kwa baba, akazifunga zilizobaki kwenye kitambaa. Sasa alizitoa.

"Tata, kaa hapo. Usiguse kitu."

Binti hamwambii baba yake hivyo, lakini mzee alikaa.

Tulinagwe alisogeza kuni kando, akabakiza makaa. Akageuza mfuniko wa sufuria ukawa kikaango, akamimina buni, akaanza kuzichezesha bila kupumzika. Rangi ya kijani ikafifia, zikawa za manjano, zikanuka nyasi kavu. Mzee akapiga miayo. Ndipo zikaanza kupasuka, moja huku, moja kule, halafu nyingi kwa pamoja kama bisi, na Ambindwile akainua kichwa. Buni zilikuwa zimevimba na kuwa za kahawia, na moshi mwembamba uliotoka kwao ulileta harufu ambayo mzee hakuwa na jina lake. Akasogea karibu, akafumba macho.

"Hizi ni zetu?"

"Ni zetu, Tata. Nilizichuma upande wa mtoni."

"Hizihizi zangu?"

"Hizihizi."

Alizipoza kwa kuzipeperusha, maganda membamba yakaruka na upepo, kisha akazifunga kitambaani na kuzipondaponda kwa jiwe. Akamwaga kinywaji cha mzee, akainjika maji ya ndoo; yalipochemka aliyaepua, akayaacha yatulie kidogo, akautia unga ule kwenye sufuria ndogo na kuulowanisha kwa maji machache tu. Unga ukavimba. Ukainuka wenyewe taratibu, bila moto chini yake, ukitoa mapovu.

"Inapumua," mzee akanong'ona.

Tulinagwe hakumcheka. Siku ya kwanza kuyaona mapovu hayo naye alishangaa hivyohivyo, na hata sasa mwili ulimsisimka. Akaongeza maji, akafunika, akasubiri, halafu akanyunyizia maji baridi ili machicha yazame.

Wakati huo ukungu ulikuwa umepasuka. Chini yao mashamba ya chai yalijitokeza, baada ya hayo migomba, na mbali kabisa Ziwa Nyasa likang'aa. Mzee alikuwa ameishi chini ya mlima ule maisha yake yote, lakini hakutazama ziwa. Alikuwa anatazama kikombe. Alivua kofia kama anayetaka kuomba, akanywa bila sukari wala maziwa.

Akanywa tena. Ulikuwemo utamu wa buni mbivu, zile nyekundu alizokuwa akizifyonza utotoni akichunga ng'ombe, na nyuma ya utamu huo ukali mzuri uliokaa ulimini bila kutaka kuondoka. Tulinagwe naye akaonja kutoka kwenye kikombe chake, akashikwa na kitu kinachofanana na hofu. Alishakunywa kahawa nyingi za wageni, lakini hakujua kwamba udongo wa nyumbani kwao ulikuwa na jambo kubwa namna hii.

"Ladha hii ilikuwa humu miaka yote?" baba yake akauliza.

"Ilikuwa humu."

"Na mama yako akafa hajaionja."

"Hakuionja, Tata."

Machozi yakamtiririka mzee, wala hakuyafuta. Akaweka kikombe juu ya jiwe kwa uangalifu, akatoa simu, akapanda kwenye mwinuko kutafuta mtandao. Tulinagwe akamfuata. Sauti ya Ezron ilisikika mpaka pale aliposimama.

"Shikamoo mzee! Usiwe na wasi, kazi inaenda freshi. Upande wa mtoni nishaumaliza wote."

Tulinagwe alihisi ile kahawa mdomoni ikiwa bado ya moto.

"Tupa jembe," Ambindwile akasema. "Tupa sasa hivi. Hiyo uliyoing'oa, paka mizizi matope, funika na majani ya migomba, jua lisiiguse. Nakuja."

"Ipi mzee, yote?"

"Mmoja mmoja, Ezron!"

Akashusha simu, akamgeukia binti yake. Tulinagwe hakuwahi kuona baba yake akimtazama vile, kama mtoto anayemtazama mama.

"Tukiipanda tena, itashika?"

"Sijui, Tata. Ni mikubwa sana."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kambini, akachukua panga lake la kuipunguzia matawi. "Kahawa iliyobaki wape wazee wakirudi," akasema, "uwaambie ni ya mama yako." Akaanza kuteremka mlima, karibu anakimbia.