Fundo la Mama Shih

Kichupa kiligeuka njano tena.

Tu Wan-ju alikitoa kwenye kabati la joto, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukikodolea macho. Kingebaki zambarau, angeshusha pumzi. Zambarau maana yake mvuke umeua kila kilichokuwa ndani ya mfuko wa taka za maabara, hata wale vijidudu wagumu waliomo ndani ya kichupa makusudi ili kuipima mashine. Njano maana yake wako hai. Wamekula, wamezaana, hawana hata mafua.

"Njano?" aliuliza Hung Cheng-wei kutoka meza ya pili.

"Njano."

"Haiwezekani! Juzi tu tumebadilisha pakiti!"

Juu ya mashine ya mvuke, kama juu ya kila mashine yenye maana katika kisiwa kizima, kulikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi. Jina lililoandikwa juu yake maana yake 'kuwa mtiifu', nalo huiambia mashine itulie, ifanye kazi, isilete kisirani. Lazima iwe ya kijani, na isiwe imepitwa na tarehe. Kichupa cha kwanza kuwahi kutiwa katikati ya mfuko kilipogeuka njano, Cheng-wei alipanda kwenye stuli, akakuta pakiti ilikwisha muda tangu mwezi wa tatu, akapiga kelele kama amekamata mwizi. "Mashine gani itatii chini ya chakula kilichochacha?" Maabara nzima ilicheka. Zikanunuliwa pakiti mbili mpya, moja ya akiba, na kila mtu akarudi kwenye kazi yake moyo mweupe. Watu hao hao wana shahada mbili mbili.

"Labda ziwe tatu, Dada," Cheng-wei alisema.

"Labda nikuweke wewe huko juu."

Wan-ju hakuwa na moyo wa mzaha. Maabara ile, ya taasisi ndogo mjini Chiayi, ilifuga bakteria waliotolewa kwenye vidonda na mapafu ya wagonjwa, wale ambao dawa karibu zote zimewashindwa. Mtu mwenye afya anaweza kuishi nao asijue. Mzee mwenye kisukari na kidonda mguuni wanaweza kummaliza. Kila kilichowagusa, visahani vya jeli walimooteshwa, pamba, glavu, kilitiwa kwenye mifuko, mifuko ikapikwa kwa mvuke, na ikishapikwa ikahesabiwa kuwa taka za kawaida, sawa na maganda ya ndizi. Shangazi Chhai, msafishaji wa jengo, aliibeba mpaka kwenye gari la taka la manispaa. Aliibeba kwa mikono mitupu, ameiegemeza pajani, kwa sababu alishaambiwa imepikwa. Na aliyekuwa na jukumu la usalama wa mambo hayo yote, kwa kuwa wenzake walilikwepa, alikuwa Wan-ju, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu aliyebakiza mwezi mmoja kutetea tasnifu yake.

Alichukua mfuko mmoja uliokwisha kupikwa, akauingiza kwenye kabati la usalama lenye feni, akavaa glavu mbili mbili, na kuanza kuufungua.

Haukufunguka. Alihangaika nao mpaka jasho likamtoka, maana ulikuwa umefungwa fundo la Mama Shih.

Kisiwani kwao takataka haziwekwi chini. Unasimama kando ya barabara na mfuko wako mkononi, katikati ya majirani, mpaka gari lifike likiimba wimbo wake. Mfuko wako ukidondosha maji ya dagaa kwenye viatu vya jirani, mtaa mzima utakusema. Mama yake Profesa Shih, mkuu wa maabara ile, alikuwa muuza samaki sokoni, na alikuwa na fundo lake: unasokota shingo ya mfuko, unaikunja, unaizungusha mara mbili, unavuta mpaka plastiki inalia. Halidondoshi hata tone. Profesa alimfundisha fundo hilo kila mwanafunzi mpya siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha mlango wa dharura, na asiyeliweza alirudia mpaka aliweze. "Mfuko wa maabara hii hauvuji," alikuwa akisema, na macho yake yalilegea kidogo, kwa sababu mama mwenyewe alikwisha kufa.

Wan-ju akatia mkasi.

Visahani vya pembeni vilikuwa vimelegea na kujikunja kwa joto, kama inavyotakiwa. Vya katikati vilikuwa vimesimama wima kama vimetoka dukani leo. Jeli ndani yake ilikuwa ngumu, haijayeyuka, na juu ya jeli madoa ya bakteria yalimeremeta, manene, yenye afya. Jeli ile huyeyuka kabla maji hayajachemka vizuri. Katikati ya mfuko ule hata joto la chai halikufika. Fundo lisilotoa tone lilikuwa haliingizi mvuke pia. Mashine ilifanya kazi yake yote kwa adabu, ikapika hewa, na utepe uliobandikwa nje ya mfuko ukageuka mweusi kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Hasira zikampanda, kisha hofu, kisha hasira tena. Alimfikiria Shangazi Chhai na lile paja lake.

Hakutaka kwenda kwa Profesa na maneno matupu. Akafunga mfuko mmoja kwa fundo la Mama Shih, mwingine akauacha mdomo wazi na kikombe cha maji ndani ili yageuke mvuke, kila mmoja na kichupa chake katikati, akaipika yote miwili pamoja. Majibu yalipotoka, kichupa cha mfuko uliokuwa wazi kilikuwa zambarau. Cha mfuko wa fundo, njano. Akavishika vichupa hivyo viwili, kimoja kila mkono, akaenda kubisha.

Profesa Shih hakuwa mtu mbaya. Kila Ijumaa aliwanunulia watu wote wali wa bata mzinga kwa pesa zake, na mwanafunzi akifiwa alikuwa wa kwanza kufika. Lakini wiki hiyo hakuwa yeye. Siku iliyofuata kamati ya taifa ya kufadhili utafiti ingekuja kuamua kama maabara itaendelea au itafungwa, na chumba cha taka kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni, kwa sababu Wan-ju alikuwa amezuia mifuko tangu kile kichupa cha kwanza.

Alivitazama vichupa. "Utepe umegeuka mweusi au haukugeuka?"

"Umegeuka, Mwalimu. Lakini utepe uko nje. Ndani hakujafika kitu. Ni lile fundo."

"Fundo gani?"

"La mama yako, Mwalimu."

Profesa alichukua kalamu, akairudisha mahali pake.

"Unajua hilo fundo lina miaka mingapi hapa?"

"Ndicho kinachoninyima usingizi."

"Wan-ju." Alishusha sauti, akawa mpole, na upole ule ulimtisha Wan-ju kuliko ukali. "Kamati ikiona chumba kimejaa vile, tumekwisha. Wewe, mimi, Cheng-wei, wote. Leo alasiri Shangazi atatoa mifuko yote. Baada ya kamati, tutafunga unavyotaka wewe. Hata utepe wa harusi tutaweka."

"Tuipike upya kwanza. Nitafungua mmoja mmoja mwenyewe."

"Mifuko yote ile kwa mashine moja? Hutamaliza kabla ya kesho."

"Basi kamati ikute chumba kimejaa. Tuwaambie kwa nini."

"Tuwaambie kwamba tumekuwa tukiupa mji bakteria hai kwenye gari la taka?" Profesa alicheka, lakini macho hayakucheka. "Mwezi ujao unatetea tasnifu, sivyo? Nani anatia sahihi kwamba uko tayari?"

Wan-ju alivikaza vichupa mikononi. Miaka sita. Mama yake kule Yunlin alikwisha kuwatangazia majirani na kuchagua gauni. Akajua kabisa, pale pale akiwa amesimama na vichupa vyake, kwamba angeweza kusema ndiyo na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ni wewe, Mwalimu," alisema. "Na mifuko haitoki."

Alasiri ile wimbo wa gari la taka ulipoanza kusikika kutoka upande wa duka la dawa, Wan-ju alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha taka, mgongo umegusa mbao, ufunguo mfukoni mwa koti lake jeupe. Shangazi Chhai alikuwa mbele yake, mikono kiunoni.

"Binti, gari hilo linakuja. Nikichelewa dereva ananinunia wiki nzima."

"Leo acha anune, Shangazi. Hii mifuko haijaiva."

"Haijaiva? Mbona utepe mweusi?"

"Utepe unadanganya. Ndani ni mibichi."

Shangazi akafungua mdomo kuuliza jambo, lakini Profesa alikuwa amefika, shati jeupe limepigwa pasi na tai shingoni, maana alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba ya kesho. Nyuma yake alikuja Cheng-wei na wanafunzi wengine wawili, walioitwa kusaidia kubeba, nyuso zao kama za watu wanaotamani kuwa mahali pengine popote.

"Shangazi, beba," alisema Profesa.

"Nibebe nini, Mwalimu? Mlango una mtu."

"Wan-ju, toka hapo. Usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu imo ndani ya mifuko, Mwalimu. Mimi naizuia tu isitoke nje."

Mmoja wa wanafunzi alikohoa. Shingo ya Profesa ikawa nyekundu juu ya kola.

"Miaka yote hii maabara yangu haijamuumiza mtu hata mmoja!"

"Ulimuuliza nani? Vijana wa kwenye gari unawajua majina? Umeshawahi kumuuliza mmoja kama ana kidonda mkononi?"

"Unanijibu hivyo mimi? Mimi niliyekupokea ukiwa hujui hata kushika bomba la kupimia?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ulinifundisha kwamba jaribio likikataa, tunakubali limekataa. Hili limekataa. Nimelirudia na limekataa tena. Sasa unataka nifanye nini, nilibembeleze?"

"Fundo lile halijawahi kuvuja!"

"Halijavuja, kweli. Mama yako alikuwa anafunga vichwa vya samaki, na kwa vichwa vya samaki sijaona fundo bora kuliko hilo. Lakini mvuke nao hauwezi kupita, Mwalimu. Mama hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja mwanawe atafungia maradhi ndani yake."

Wimbo ulikuwa umefika kwenye kona sasa, na chini barabarani zilisikika ndala za majirani wakishuka na mifuko yao.

"Kwa mara ya mwisho," alisema Profesa polepole. "Mifuko ni salama. Nasema mimi, mkuu wa maabara hii. Na usipotoka mlangoni, tasnifu yako utaitetea mbele ya kuku, si mbele yangu."

Hapo ndipo jambo lililokuwa likimkaba Wan-ju tangu asubuhi lilipomwachia. Alikuwa ameogopa maneno hayo siku nzima, na sasa yamesemwa, na bado amesimama. Akashangaa jinsi yalivyokuwa mepesi.

"Sawa," alisema. "Imekwenda hiyo."

Akatoa ufunguo, akafungua mlango mwenyewe, akauacha wazi. Mifuko ilikuwa imerundikana mpaka usawa wa kifua, kila mmoja na fundo lake safi, zuri.

"Ni salama?" aliuliza.

"Nimekwisha kusema."

"Basi beba mmoja. Nje hauendi. Utoe hapa, uufikishe ukuta ule, urudi nao. Lakini ubebe anavyobeba Shangazi. Mikono mitupu, umeuegemeza pajani."

"Upuuzi gani huu?"

"Hatua chache tu, Mwalimu. Shangazi huwa anashuka nayo ngazi mpaka barabarani."

Shangazi Chhai alikuwa ameshusha mikono kutoka kiunoni. Alikuwa akiitazama, upande mmoja, kisha wa pili, kama mikono ya mtu mwingine. Kisha akamtazama Profesa. Wote walikuwa wanamtazama Profesa.

Alikuwa mtu mwenye kiburi, na kiburi kilimsukuma ndani. Akakunja mikono ya shati. Akainama juu ya mfuko wa karibu, akaunyooshea vidole, na vidole vikasimama hewani, karibu kabisa na fundo la mama yake. Plastiki ilikuwa imebana, na upande mmoja visahani vilionekana kidogo, vimesimama wima.

Akabaki ameinama vile kwa muda.

"Cheng-wei," alisema bila kugeuka. "Niletee glavu."

Gari lilikuwa chini ya dirisha, likiimba. Glavu zilikuwa mezani, nyuma ya mgongo wa Cheng-wei, ndani ya boksi lililo wazi.

"Za nini, Mwalimu?" aliuliza Shangazi Chhai.

Profesa alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, akingoja. Cheng-wei, ambaye tangu aingie maabara ile hakuwahi kuitwa na Mwalimu wake asikimbie, alimtazama Wan-ju, akamtazama Shangazi, kisha akatia mikono yake yote miwili mifukoni.