Paja Lililochoka Kungoja

Mkaza mwana alikuwa amepiga magoti sakafuni akimvisha Fundi viatu, na Fundi, mshona nguo aliyewavisha maharusi wa mtaa mzima, amekaa kama maiti inayosubiri kuoshwa.

"Niache nijivishe, mwanangu."

"Mama, watu watanionaje? Mama mkwe anajiinamia na mimi nipo?"

Ndivyo walivyompenda. Goti lilipoanza kusaga, mwanawe aliuza cherehani ya miguu akamletea ya umeme. Mkewe akampokonya ufagio, akampokonya ndoo, na kikombe cha chai akawa anakifuata yeye. Fundi akabaki kukaa. Tumbo likanona, mapaja yakanyauka.

Hospitalini daktari alimminya paja, akaguna.

"Goti bandia lipo, mama. Misuli ndiyo imekwisha. Uzee huila, na kukaa huimalizia. Nikikupasua leo, hutainuka kitandani."

"Nilipokuja mara ya kwanza, daktari, paja lilikuwepo. Mkasema mashine ya ganzi mbovu. Nikarudi, nyuzi za kushonea hakuna. Nikataka kuwaletea zangu, mkacheka. Nikarudi tena, wote mko semina. Paja nalo lina moyo wake. Limechoka kungoja, likaondoka."

Daktari alicheka, halafu akaacha.

"Kula mayai, kula maharage. Ufanye mazoezi. Siku ukiinuka kitini bila kushika kitu, nakupangia tarehe. Nenda chumba cha mazoezi."

Chumba cha mazoezi kilikuwa na kufuli kubwa. Dirishani vilionekana viti vya ofisi vimepandiana mpaka darini.

"Mtaalamu kahamishwa," alisema mlinzi, kijana mwenye kirungu na kifua mbele. "Hii sasa stoo ya mkurugenzi."

Mkaza mwana machozi yakamtoka. "Twende nyumbani, mama. Nitakubeba."

"Ukinibeba tena, utanifikisha makaburini."

Fundi akajitupa kwenye benchi la ukumbini, katikati ya wenzake wa magoti na nyonga, wote wamerudishwa kwa neno lile lile la misuli. Akamnong'oneza dereva mstaafu wa malori aliyekaa kando yake. Dereva akamnong'oneza wa pili. Benchi zima likaanza kuinuka na kukaa, likilia kama kitanda cha maharusi.

"Nyie wazee! Hapa uwanja wa mpira? Kaeni!" mlinzi akafoka.

Wakakaa.

"Samahani, baba," Fundi akasema kwa sauti ya asali. "Mkurugenzi akipita, tusimame au tukae?"

"Msimame. Ni mkubwa yule."

"Na wewe je? Kwani wewe mdogo?"

Mlinzi akajitazama vifungo. "Mimi? Aa... si haba."

Basi kila alipopita, benchi lilisimama. "Heshima yako, mkubwa!" Akienda zake, wanakaa. Naye utamu ukamkolea, akazidisha doria.

Safari moja Fundi alikwama katikati, makalio hewani, mapaja yakitetemeka. Mkaza mwana akaruka kumshika.

"Rudisha huo mkono," Fundi akasema, meno yameumana. "Mkubwa anapita."