Neno la Mkurugenzi

Yustina alijua jarida lake limekufa siku aliponunua karanga kwenye geti la kiwanda, akapewa zimefungwa kwa jarida lenyewe. Tena ukurasa wa kwanza, ule alioupiga chapa mpaka vidole vikamuuma. Juu palisomeka "Neno la Mkurugenzi", na chini yake mistari arobaini ya Mzee Sadallah akijipongeza.

"Unayatoa wapi haya, Bi Mwanabaraka?"

"Wenye maduka wanayarudisha furushi zima, mlinzi ananipa," alisema yule mama, akikunja jingine. "Karatasi safi, mwanangu. Haina hata alama ya kidole."

Hilo la kidole ndilo lililomchoma.

Kiwanda kilikuwa Mikocheni, kidogo tu, cha rangi za nyumba. Kilianza baada ya serikali kulegeza kamba na kila mwenye kibali akawa mkurugenzi. Mzee Sadallah alisikia kampuni kubwa zina majarida, naye akataka lake. Yustina, mpiga chapa kutoka Masasi, akapewa kuliandika na kulitoa kwa mashine ya stensili, ile ya kuzungusha kwa mkono. Sasa Mzee alikuwa amelichoka. Alishamwambia waziwazi: kufikia mwisho wa mwezi, kama hakuna anayelisoma, jarida linafungwa na yeye aondoke nalo, maana ankara Lulu, mpiga chapa mwenzake, anazimudu peke yake.

Basi Jumatatu Yustina akaenda Sinza, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako mafundi rangi hukaa barazani kusubiri kazi. Hakuwauliza kama wanasoma jarida. Jibu alikuwa nalo. Aliwauliza kinachowasumbua.

"Rangi yenu feki, dada," alisema mmoja, Anselmo, bila kupepesa macho. "Nimepaka nyumba Mbweni, miezi miwili haijaisha ukuta unatoa unga mweupe na rangi inabanduka. Mwenye nyumba ananitangaza mtaa mzima kuwa mie tapeli."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Yustina alipandwa na hasira, akataka kukitetea kiwanda, kisha akaimeza.

"Nipeleke nikauone huo ukuta."

Ukuta ulikuwa kama alivyosema, rangi imejikunja vipande vipande. Yustina akamwomba amwonyeshe anavyochanganya. Anselmo akafungua kopo, akateka ndoo ya maji kwenye kisima cha pale uani, akamimina kiasi koponi. Yustina akachovya kidole ndooni, akalamba. Chumvi tupu.

"Huwa unatumia haya?"

"Sasa nitumie yapi? Bomba halijafika huku. Mafundi wote wa Mbweni tunachanganyia haya haya."

Aliporudi kiwandani alimuuliza Benjamin, mchanganyaji wa rangi. Benjamin akacheka mpaka akakaa chini. Rangi ya maji ukiitia maji ya chumvi, alisema, lazima ukuta uoze. Hilo nani halijui? Yustina akamjibu kwamba mafundi hawalijui, na hakuna aliyewahi kuwaambia, kwa sababu kila wiki wanapelekewa pongezi.

Akaandika. Kichwa cha habari akaweka maneno yale yale: "Rangi Yenu Feki, Asema Fundi Anselmo." Malalamiko yakaja yote, bila kupunguzwa makali. Halafu jibu: onja maji kabla hujachanganya, na yakiwa na chumvi, nunua ya bomba kwa wauza maji wa mikokoteni. Neno la Mkurugenzi likakosa nafasi.

Mzee Sadallah aliisoma rasimu akiwa amesimama, akapiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Mie ninunue karatasi ya kujitukania?"

"Wanayasema hivyo hivyo, Mzee. Tofauti ni kwamba sasa wanayasema na sie hatujibu."

"Rudisha Neno langu. Basi."

Yustina alikwenda kwenye chumba cha mashine akafunga mlango. Aliogopa, tusidanganyane. Alikuwa na kodi ya chumba na mdogo wake shuleni. Lakini alizikumbuka zile karatasi safi zisizo na alama ya kidole, akaona bora afukuzwe kwa kuandika kuliko kufukuzwa kwa kunyamaza. Akachapa ile iliyopigwa mstari mwekundu. Chini kabisa akaweka jina lake kamili, asije akasingiziwa Lulu.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, Mzee."

"Na barua yako ya kuacha kazi nikuandikie mie, au utaichapa mwenyewe?"

"Nitaichapa. Lakini jarida la safari hii limesomwa, na ningependa uandike hivyo kwenye barua."

"Limesomwa na nani? Hilo litakuwa limefungia karanga tangu juzi." Akasimama, akashuka ngazi, Yustina nyuma yake, hadi getini. "Shikamoo, Bi Mwanabaraka. Nipe karanga. Nifungie kwa lile la wiki hii."

"Marahaba. La wiki hii sina," alisema Bi Mwanabaraka. "Maduka hayakurudisha hata moja. Jana mafundi wamekuja mpaka hapa kunipekulia beseni, wanalitafuta. Nimebaki na haya ya zamani."

Akakunja, akajaza, akampa. Mzee Sadallah akautazama mfuko uliokuwa mkononi mwake. Neno la Mkurugenzi, la mwezi wa tatu. Akatafuna karanga moja, ya pili, ya tatu, huku akisoma, na ilionekana wazi kwamba hata yeye hakuwahi kulisoma mpaka mwisho. Alipolimaliza akamgeukia Yustina.

"La wiki ijayo utaandika nini?"

"Kuna fundi Temeke anasema makopo yetu hayajai."

Mzee alifumba macho kidogo. "Na Neno langu? Litakaa wapi?"

Yustina akaunyooshea kidole ule mfuko wa karanga.

"Hapo hapo lilipo, Mzee," alisema, kisha akageuka kwenda kukata stensili.